Kwa Nini Niliuacha Mkia wa Kondoo

Mjukuu wangu Meerim,

Salamu zangu ni kwa mumeo na mama mkwe wako Batma. Wewe nakugombeza kwanza. Miezi minane hujakanyaga hapa! Umevunjika miguu? Haya, u mzima? Unakula? Mimi magoti yananilia, ila mdomo haujambo, kama unavyousikia. Anayeandika ni nesi Burul wa kijijini kwetu, maana kalamu naijua kwa kuiona tu.

Najua kilichokuudhi. Siku ya harusi yako walinikalisha ndani kabisa ya hema la sufi, mbali na mlango, mahali pa mgeni mkubwa. Nikabanwa kati ya shangazi wawili wanene. Chai ikamiminwa, bakuli juu ya bakuli. Nyama ilipoletwa, Batma akainua mkia wa kondoo, fungu langu la heshima, aniwekee mbele. Nami nikaruka magoti ya watu kama mbuzi, nikatoka, sikurudi. Nasikia alisema nimeikataa ndoa, na kwamba mpaka leo kila nyama ikikatwa huko wanakutazama wewe.

Mwanangu, sikuikataa ndoa. Nilibanwa na mkojo, na chooni sikufika. Nilirudi nyumbani kwa gari la maziwa, sketi imelowa, nikaapa nitazikwa na siri hiyo.

Mwezi uliopita Burul alinibana mpaka nikasema: mchana nakwenda mara kumi na mbili, usiku naamka mara tatu, na haja ikija hainipi nafasi hata ya kuvaa viatu. Nikamwambia uzee huo. Akanijibu, uzee ni mvi, bibi, hicho ni kibofu chenye kiherehere, na kinatibika. Akapima mkojo, hakuona sukari wala uambukizo. Amenipunguzia chai, Mungu amsamehe, na ananifundisha kukizoeza kibofu kungoja kidogo kidogo. Kimeanza kutii, ingawa kwa kununa.

Msomee Batma barua hii yote, usiruke pa mkojo. Akicheka, mwache acheke.

Kisha mje naye kabla theluji haijafunga njia, na aje na mkia wake. Yeye atakaa ndani mahali pa heshima, mimi mlangoni, nami nitaula mpaka mafuta yanichuruzike kidevuni. Ila umchunguze: akianza kuutupia mlango macho kabla ya bakuli la tatu la chai, usimuulize kitu. Mhamishie kando yangu.

Bibi yako anayekupenda kwa kelele,
Zuurakan