Tarakimu ya Mwisho

2 Mei

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kitandani. Ukiniuliza hali nitasema njema, kisha kikohozi kitanisuta. Daktari ameacha kunitajia miezi. Sasa anazungumzia wiki. Wewe na watoto mko salama?

Kuna neno linanikereketa. Unazikumbuka zile kadi za posta za duka la miwani? Nijibu upesi. Silali, sikai.

Kaka yako

11 Mei

Kaka,

Sisi wazima, ila barua yako imenitia homa. Mtu anaumwa, badala ya kuniita nije, anaulizia kadi za miaka ishirini na mbili iliyopita!

Nazikumbuka. Nyumba elfu nane zilipelekewa namba ya simu isiyo na tarakimu ya mwisho, mchoraji ukiwa wewe, na mkataji wa kadi nilikuwa mimi. Watu walicheka: duka la miwani halioni! Tangu Bwana Rula anifukuze kwenye kiwanda chake cha uchapaji, mkono wangu siuamini. Hata hapa kwenye ushonaji, mwenzangu ndiye hukata kitambaa, mimi hushona tu. Mbona unafukua kaburi? Niache.

Mdogo wako

19 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Mimi pumzi zangu ni za barua hii tu, basi nisikuzungushe. Hukukosea. Nilikosea mimi.

Kanuni unaijua: kwenye mchoro wa kuchapwa, rangi iliyo nyuma ya maandishi hupita alama za kukatia milimita tatu, lakini maandishi hukaa ndani milimita tano, maana kisu hucheza. Mteja alitaka namba kubwa. Nikaikuza hadi ikagusa alama. Kwenye kompyuta ilionekana nzima, mteja akaridhia, nikaipeleka mtamboni. Wewe ulikata pale pale nilipokuonyesha.

Malalamiko yalipoanza, nilifungua faili, nikaisogeza namba ndani, nikahifadhi juu ya ile ya zamani. Ndipo nikamwita Bwana Rula: "Mchoro wangu safi, mzee. Labda kisu." Akaupima mchoro, akaridhika. Ukaniuliza mlangoni, "Kaka, kweli ni mimi?" Nikakujibu, "Vipimo havidanganyi."

Kila mwaka nilisema nitakuambia mwakani. Kunisamehe ni juu yako. Kujua ni haki yako.

Kaka yako

28 Mei

Mdogo wangu,

Salamu tena. Posta imechelewa, au umenyamaza? Kila pikipiki ikisimama nje najaribu kuinuka, mgongo unanikataza. Nitukane basi, nijue ilifika.

Kaka yako

9 Juni

Kaka,

Sikuulizi hali; nimempigia muuguzi wako, kasema bado unabishana na dawa.

Barua ilifika. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Siku ya kwanza nililia, ya pili nikacheka peke yangu kama chizi, ya tatu nikakasirika, na hasira haijaisha.

Nimemtafuta Bwana Rula. Yu hai, masikio mazito, ukali ule ule. Nimemwambia Jumamosi tutakuwa kwake, mimi na wewe. Nitakusukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka sebuleni, na utayasema haya kwa mdomo wako, kwa sauti, mpaka asikie. Ya kusameheana tutazungumza tukirudi.

Nafika Ijumaa. Usithubutu kutangulia.

Mdogo wako