Paipai Juu ya Kigoda

Bumula, 4 Mei 2025

Dada Rispah,

Salamu nyingi. Mtoto wako Mukhisa ameacha kukohoa? Mimi niko, lakini si mzima sana. Naandika kwa sababu simu ninayotumia ni ya mama mkwe na huwa anakaa karibu nikiongea.

Nina mimba tena, bado changa. Chakula chote kinarudi, matunda tu ndiyo yanakaa. Na mama mkwe ameyakataza. Ati ile ya kwanza ilitoka kwa sababu ya nanasi. Juzi nilijificha nyuma ya kibanda cha matunda kule sokoni Kanduyi nikala tikitimaji la vipande. Tangu hapo naharisha. Dada, hii nayo ikitoka, sitaweza kumwangalia mtu hapa machoni. Kweli ni matunda?

Mdogo wako,
Nakhumicha

Kitale, 11 Mei 2025

Nakhumicha wetu,

Hujambo, wewe na huyo wa tumboni? Mukhisa amepona kikohozi, sasa ni meno. Nimembeba huku naandika. Usingizi nimesahau unafanana aje.

Sikiza. Kuharisha na mimba si kitu cha kungoja. Maliza barua hii ukiwa umevaa viatu, uende kliniki. Nesi wa hapa aliniambia tunda lililoiva ni zuri kwa mjamzito, hata nanasi la kula kawaida halitoi mimba. Shida ni uchafu. Hilo tikitimaji lilikaliwa na nzi tangu asubuhi! Nunua zima, lioshe kwa maji safi ya kumimina, hata kama utalimenya, maana kisu hubeba uchafu wa ganda mpaka ndani. Likate ule hapo hapo. Kupangusa na leso si kuosha, nakujua. Paipai bichi liache.

Lakini kujificha ndiko kumekuumiza. Mwambie mama mkwe. Kwa heshima, lakini mwambie.

Dada yako,
Mama Mukhisa

Bumula, 15 Juni 2025

Dada,

Natumaini meno yametoka ukalala kidogo. Kliniki nilienda, nikatibiwa, mtoto yuko sawa.

Halafu nikasema. Tulikuwa tunakula ugali. "Mama, hata mimi niliililia ile mimba. Nesi amesema si nanasi. Nitakula matunda, na nitayala mbele yako." Nikamega tonge, nikaendelea kula.

Unajua baba mkwe, Mzee Wakoli, hawezi kunipa kitu mkono kwa mkono, wala kutaja mimba yangu. Ndiyo heshima yetu ya mkwe. Asubuhi nafungua mlango: kigoda, paipai lililoiva juu yake, bado linadondosha maji. Yeye yuko kule kwa ng'ombe, amenipa mgongo.

Mama mkwe akatoka, akaliangalia. "Mzee ameliosha na maji ya ng'ombe? Lete hapa!" Akaliosha upya, akamenya, akakata. "Haya kula, daktari."

Mdogo wako,
Nakhumicha

Kitale, 20 Desemba 2025

Mama Mtoto,

Umeamkaje, na huyo msichana wetu? Nimesoma habari za kuzaliwa kwake nikalia hadi Mukhisa akaniletea kitambaa cha kupangusa meza.

Mimi niliandika tu, niko mbali, hakuna wa kuninunia. Wewe ulisema ukiwa umekaa nao. Ningekuwa mimi, ningekuwa bado nyuma ya kibanda.

Naja Jumamosi ijayo. Mwambie mama mkwe matunda damu aliyoagiza, yale kama nyanya, nimeyapata Endebess, mekundu kabisa. Sijayatia maji, kwa vile amesema haamini uoshaji wa mtu mwingine.

Dada yako anayekuheshimu,
Mama Mukhisa