Rimu Kubwa za Gari Jingine

Mbagala, Jumamosi

Rimu mpya hazikukwaruza bati la gari hata kidogo, nami nakiri kwamba tangu mchana sijafikiria jambo jingine.

Masika haya yote, gari langu la zamani lilikuwa likigonga chini kwenye makorongo ya mtaa wetu. Baba alikuwa akishukia kwenye barabara kubwa na kutembea kwa magongo hadi nyumbani. Ndiyo maana nilitafuta rimu kubwa za gari la aina nyingine, ziliinue langu.

Fundi Shabani alizifunga, akauzungusha usukani hadi mwisho, akasema kazi imekwisha. Nikamweleza kwamba amelipima gari likiwa tupu, nami sitaliendesha tupu.

"Sasa Mwalimu, tupakie mawe?"

Niliwaita kina mama watatu wa kwaya ninayoifundisha, wanaoishi jirani na gereji, wakaketi nyuma. Mama Neema, mnene kuliko wote, akasema, "Leo unene wangu umepata ajira." Gari likadidimia. Nikapanda tuta taratibu, nikashuka, nikakata kona. Matairi hayakugusa fenda, lile bati la juu yake.

Kwa magurudumu makubwa hivi, kipima mwendo sasa kitaonyesha pungufu ya mwendo halisi. Hilo linanitia wasiwasi, na lazima nilizoee.

Jioni nilimfikisha Baba mlangoni. Hakushuka. Nilipomsimulia jaribio la gereji, aliuliza ni nani aliyewaza kulijaza gari watu kwanza.

"Ni mimi, Baba."

"Basi nirudishe barabarani, tuingie tena. Majirani wengine hawajatoka nje."

Nikageuza gari.