Nimeinuka Kabla ya Amina

Wanangu,

Maharage yameiva, msiongeze chumvi. Mkiona wingu, anueni nguo. Fundi bomba akija, mpeni chai kwanza. Huyo anajua kwa nini mke wa kinyozi amehama, na mimi nataka kusikia.

Sasa la asubuhi. Najua mlishangaa nilipoinuka mezani sala haijaisha. Kitindamimba alikuwa anaomba kama alivyozoea marehemu baba yenu, kumtaja kila mtu pamoja na kasoro yake. Mnakumbuka? "Bwana, mbariki mama huyu anayejua habari za mtaa kabla ya redio." Tulikuwa tunacheka mpaka chai inapoa. Basi mtoto akafika kwenye jina la shangazi yenu, nikainuka nisilisikie. Tangu alipowaambia wanawake kwenye msiba wa baba yenu kwamba kilio changu hakina machozi, hajakanyaga hapa, wala mimi sijamwita.

Lakini baba yenu hakuwahi kumruka dada yake, hata wakiwa wamenuniana wiki nzima. Alisema ukimruka mtu kwenye sala umemfungia mlango, na Mungu anabaki nje pamoja naye.

Nyumba hii haijawahi kufungia mtu nje. Nimekwenda kumchukua. ~~Nikichelewa, kuleni.~~ Tusubirini. Kiti cha baba yenu kitoeni pale ukutani, mkifute vumbi, akikalie yeye. Ile Amina tutaiitikia wote.

Mama yenu,
yule wa kabla ya redio