Muziki wa Tamthilia Bila Picha

Shoga, leo nimeamua ugomvi wa wanaume wawili peke yangu! Haya, nilipanda juu ya meza nikapiga mayowe.

Mume wangu alikuwa anasikiliza kwenye simu muziki wa ile tamthilia tuliyoapiana mmoja asiitazame bila mwenzake. Analia! Eti, "Muziki peke yake unatosha, mama. Picha sijaona."

Shemeji seremala, aliyekuwa amekuja kutusalimia, akamcheka: "Muziki bila picha unalilia nini? Mwongo!"

Mwongo! Mzee wangu akamtwanga stuli ya kichwa. Shemeji akamng'oa jino kwa ngumi. Jino, shoga! Damu mpaka kwenye pazia.

Namfuta mume wangu damu, simu bado inaimba, ngoma zikaanza. Mzee akaguna: "Masikini, hapa ndipo bibi harusi anachomwa kisu."

"Bibi harusi gani, baba? Sisi tuliishia kwenye uchumba!"