Pikapu Inavuta Kushoto

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Inavuta kushoto. Si mawazo yangu. Ukienda polepole haina neno, lakini ukikanyaga mafuta, hasa ukishaingiza gia ya tatu, inataka kuingia mtaroni. Ukiachilia mafuta inarudi. Nimepigana na usukani kutoka Isinya hadi Kitengela, mitungi saba ya maziwa nyuma.

Binti yangu Caroline aliniona nikiingia langoni. Hakuuliza gari. Aliuliza mkono. Kile kiharusi kidogo cha Mei hakijamtoka kichwani huyu msichana. Mimi kimenitoka. Daktari alisema mkono wa kushoto umerudi asilimia tisini, na hizo kumi zilizobaki sina kazi nazo.

Tumebishana, tumekubaliana. Nikipata ubovu kwenye gari kabla ya Jumamosi, naendelea na maziwa yangu. Nisipoupata, ufunguo ni wake na mimi nikae nyumbani nichambue maharagwe. Mtoto niliyemfundisha kuendesha mwenyewe!

Jumanne, 9 Septemba

Kwa fundi Kaloki tangu saa mbili. Ni Mkamba mwenzangu lakini hiyo haijawahi kumpunguzia mdomo. Ameuliza dereva wangu yuko wapi. Nikamwambia dereva ndiye huyu anakutazama.

Akapima upepo — sawa. Akahamisha tairi za mbele, ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Kama ni tairi, akasema, sasa itavuta kulia. Nikaijaribu. Kushoto! Akanituma kupimwa alainimenti. Mashine ikasema magurudumu ya mbele yamenyooka kabisa. Nikatoka hapo nikakanyaga mafuta — kushoto.

Sielewi. Kaloki naye haelewi, ila yeye haelewi kwa sauti kubwa.

Jioni nikiosha mitungi kifuniko kimeniponyoka mara mbili. Mafuta ya maziwa yanateleza sana.

Jumatano, 10 Septemba

Leo Kaloki amekuja na jibu jipya: mzigo. Kina mama wa maziwa hunisubiri upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo mitungi yote hupakiwa kushoto. Kweli kabisa! Miaka sita na sikuwahi kuliona hilo. Nikaenda na furaha yangu yote mpaka kwa Soila, ambaye ng'ombe zake ndizo zinanipa maziwa mengi kuliko wengine wote, nikawaambia leo tunapakia kulia. Walinicheka. Wakapakia.

Kushoto.

Nimeshusha mzigo Kitengela, nikaijaribu tupu. Kushoto. Na hapo ndipo nilipokaribia kumgonga mtu wa boda boda. Kioo changu kilimpita begani. Hakunitukana hata. Alisimama akaniangalia tu, kama mtu anayemwangalia nyanya yake, na hiyo iliniuma kuliko tusi.

Nilisimamisha gari nikatazama mkono. Umelala juu ya usukani kama mkono wa mtu yeyote. Ni wewe? Nimeuliza kwa sauti, mimi mtu mzima.

Nimeomba kabla ya kulala. Mungu wangu, iwe gari. Ni maombi gani haya? Watu wengine wanaomba magari yao yapone.

Alhamisi, 11 Septemba

Soila amenipigia simu nikiwa bado sijafika hata kwa mteja wa kwanza. Kumbe alibaki kando ya lami ananitazama nikiondoka. Maneno yake yote nayaandika:

"Mama Caro, hiyo gari yako inatembea upande. Miguu ya nyuma haifuati ya mbele. Wewe na huyo fundi mnashika pembe, na mnyama ameumia kiuno."

Akanieleza kwamba ng'ombe akichechemea, ukisimama mbele yake hutaona kitu, atakutazama tu na macho yake mazuri. Mwache atembee, umfuate nyuma. Soila hajawahi kushika usukani maishani mwake. Nikamwambia ashe, ashe oleng, asante sana. Kimaasai changu kinaishia hapo.

Kaloki siku mbili nzima hajainama nyuma ya gari hata mara moja! Na mimi nilikuwa nikimtazama tu.

Ijumaa, 12 Septemba

NI GARI!

Kaloki amelala chini ya pikapu, upande wa nyuma, akanyamaza. Akinyamaza yeye ujue kuna jambo. Bolti inayoshika springi za kushoto katikati imekatika. Ukikanyaga mafuta, gurudumu la nyuma la kushoto linasogea mbele kidogo na kusukuma gari lote pembeni. Ukiachilia, linarudi mahali pake. Amenionyesha kipande, kina kutu hata pale palipokatika. Kimekatika zamani.

Bolti mpya imefungwa saa tisa. Nimempigia Caroline hapo hapo, nikaongea bila kupumua. Akasema, "Pole, Mama. Nilikuogopea." Basi nikalia, pale gereji, mbele ya Kaloki, ambaye amejifanya anatafuta spana.

Kipande cha bolti nimekiweka kabatini na vikombe vya wageni.

Jumamosi, 13 Septemba

Isinya. Naandikia ndani ya gari, kando ya barabara. Caroline ameenda dukani kununua maji.

Ameendesha yeye kutoka Kitengela kunionyesha. Gia ya tatu, ya nne, amekanyaga mafuta mpaka pikapu ikalia. Imenyooka. Ameuachilia hata usukani kidogo tu, mikono juu ya magoti, na bado imenyooka. Nyuma ya hospitali moja ndogo akasimama, akatoka, akanikabidhi ufunguo kwa mikono miwili, kama zawadi. Gari iko sawa, Mama, endesha.

Nikaendesha. Gia ya kwanza, ya pili. Ya tatu. Mkono wa kushoto ukatoka kwenye gia ukarudi kwenye usukani.

Kushoto.

Si sana. Niliirudisha. Caroline alikuwa kwenye simu akimwandikia mtu, hakuona. Nilijaribu tena. Gia ya tatu, mkono kwenye usukani — kushoto. Nikaegesha hapa nikasema nina kiu.

Sasa sijui. Bolti ilikatika, nilikiona kipande kwa macho yangu, na Soila aliona. Hilo hakuna wa kulikanusha. Labda Kaloki hakukaza vizuri. Lakini kwa Caroline ilinyooka. Huenda kasoro zilikuwa mbili tangu Jumatatu, ya gari na ya huu mkono, na mimi niliomba moja tu.

Anakuja. Chupa mbili, anacheka na simu.

Nilipoanza kuandika nilishika ufunguo kwa mkono wa kushoto. Nimeutafuta sasa hivi. Uko chini, kwenye zulia la gari. Sikuusikia ukitoka.

Amefika dirishani. Ananiambia leo nimpeleke mpaka Kajiado mjini kabisa, tukale nyama.