Kwa Karani Wangu Marijani, Uliyenivunja Mguu

Marijani, afande wa uongo,

Umenivunja mguu. Usijifanye huhusiki kwa sababu umelala huko Bombo walikokuzika. Nisikilize.

Tulibeba kabati la milango mitatu. Mimi mbele, nyuma yule mtu wa Gulu aliyechukua nafasi yako. Ana nguvu, ila hana mdomo. Tukafika kwa mama wa chapati, pale ulipokuwa unatua mzigo kila safari, unakohoa vumbi, unaitukana serikali, halafu tunaendelea. Miaka yote hiyo hatukuwahi kuambiana "tutue". Miguu ilijua yenyewe. Basi nami nikatua. Mtu wa Gulu akaendelea kutembea. Kabati likaja kunilalia.

Mwenye kabati akaja mbio, akauliza kama kioo kimepona.

Sasa nina plasta hadi gotini, nyeupe kuliko kanzu yako ya Idi. Sibebi, kwa hiyo kula kwangu ni kwa kubahatisha, na nyumbani Uvira hakiendi kitu. Mama Furaha wangu akapiga simu: mjukuu wetu Neema amefukuzwa shule kwa karo. Mkono wangu ukanyooka kukupa simu, kama zamani. Unakumbuka? Unasafisha koo, unatoa ile sauti ya kambini uliyorithi kwa babu yako askari: "Mkurugenzi yuko mkutanoni, mama. Piga Ijumaa." Na mkurugenzi mwenyewe yuko chini ya godoro, jasho linamwingia machoni.

Mkono ukabaki hewani. Nikasema yote mwenyewe. Karani amekufa. Mguu umevunjika. Ofisi hakuna, haijawahi kuwapo, mimi nabeba makabati ya watu hapa Bwaise. Nikafumba macho kungoja matusi.

Mke wangu akalia. Nikajua ni mguu. Wapi! "Karani wangu! Nani atanichekesha sasa?"

Alipomaliza kupenga kamasi akasema, "Mzee, ofisi yako niliijua siku ya kwanza. Karani alisahau kuziba simu, nikamsikia: 'Inua upande wako, punda wewe!' Mkurugenzi gani anaitwa punda na karani wake?"

Kumbe alikuwa anapiga ili akusikie wewe! Nimemwonea wivu maiti wiki nzima, Marijani. Aibu kwa mzee wa meno matatu.

Halafu basi likaniletea gunia la ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mama Furaha ameuza mbuzi wake, akanunua samaki, akamkabidhi jirani yake anayefanya biashara huku. Na ujumbe: "Umetulisha miaka. Sasa kaa chini uuze." Nimekaa. Barazani, mguu juu ya kigoda. Watu wanakuja kutazama plasta, wanaondoka na samaki. Paka wanakuja kwa samaki tu, hao hawana unafiki. Fedha ya kwanza jirani alirudi nayo, na Neema yuko darasani tena. Anataka kujua mkurugenzi ananukaje.

Wanawake wa hapa unawajua kwa kudai nyongeza. Nawaambia, "Ngoja nimuulize karani," nageuka upande wako.

Upande wako kuna ukuta, Marijani.

Basi nawaongezea tu. Wewe ungewaongezea, halafu ungenitukana mimi.

Dua zenu sizijui. Nimekusomea Baba Yetu hadi pale kwenye mkate, huko mbele nimesahau. Mungu wako na wangu watamalizana wenyewe.

Kwaheri, ndugu yangu. Plasta ikitoka nitabeba tena, vitu vidogo vidogo, viti, meza. Na kwa mama wa chapati nitatua, Bwaise ipende isipende. Nitakohoa kidogo kwa ajili yako, na serikali nitaitukana sehemu yako na yangu. Ila nakuahidi, safari hii nitapiga kelele kwanza: "Natua!"

Punda wako,
Mkurugenzi Byamungu